Watoto wa Mgawo: Kisa cha Sukari nchini Uingereza mwaka 1953

Tarehe 27 Septemba 1953 serikali ya Uingereza iliondoa mgawo wa sukari uliokuwa umedumu tangu Januari 1940. Kwa watu wa wakati ule habari hiyo ilikuwa ya furaha tupu, na hakuna aliyedhani kwamba, miaka sabini baadaye, siku hiyo ingewapa watafiti mojawapo ya vipimo bora tulivyo navyo vya kujua sukari nyingi inaufanya nini mwili wa binadamu. Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa kina kwa sababu kinakaribia kujibu swali ambalo tafiti nyingi za lishe hulizunguka bila kulifikia: je, wanaokula sukari nyingi huugua kwa sababu ya sukari yenyewe, au kwa sababu ya mambo mengine yanayoandamana nayo, kama vile kipato duni, kazi za kukaa siku nzima, sigara na vyakula vingine visivyofaa?

Ugumu wa swali hilo si mdogo. Mtafiti hawezi kuwachukua maelfu ya wajawazito, akawagawa mafungu mawili, akawalisha wa fungu moja sukari tele na wa fungu la pili sukari kidogo, kisha akangoja nusu karne aone ni watoto wa nani watakaougua kisukari. Hata kama maadili ya utafiti yangeruhusu, nani angekaa kwenye jaribio la namna hiyo kwa miaka hamsini? Kinachobaki ni kuwauliza watu wamekula nini, na wote waliowahi kufanya kazi hiyo wanajua kwamba majibu huwa ya kukisia, tena hupunguzwa kidogo kwa aibu. Uingereza ya mwaka 1953, bila kukusudia, iliwagawa watu mafungu mawili kwa kutumia kitu ambacho mtoto hakichagui wala mzazi hawezi kukipanga kwa kujua kitakachotokea: tarehe ya kuzaliwa.

Tuanze na mgawo wenyewe. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa ikiagiza sehemu kubwa ya chakula chake kutoka ng'ambo, na sukari nyingi ilikuja kwa meli kutoka visiwa vya Karibea na makoloni mengine. Vita vilipoanza, manowari za Ujerumani zilizamisha meli za mizigo katika bahari ya Atlantiki, na nafasi iliyobaki melini ilihitajika kwa silaha, mafuta na ngano. Sukari ilikuwa miongoni mwa vyakula vya kwanza kuwekewa mgawo, pamoja na siagi na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Kila mtu alipewa kitabu cha kuponi na kujiandikisha kwa muuza duka mmoja, na kwa muda mrefu fungu la mtu mzima lilikuwa wakia nane kwa wiki, yaani kama gramu 227. Ukizigawa kwa vijiko vya chai vya gramu nne nne, unapata vijiko vinane kwa siku, na katika hivyo vinane mlikuwa mna sukari ya chai, ya uji wa asubuhi na ya keki ya Jumapili kama ilipikwa. Peremende nazo ziliwekewa mgawo wake mwezi Julai 1942.

Vita viliisha mwaka 1945 lakini mgawo haukuisha, kwa sababu nchi ilikuwa na madeni na haikuwa na fedha za kigeni za kununulia sukari kwa wingi. Mwezi Aprili 1949 serikali ilijaribu kuziachia peremende, na watu wakazinunua kwa kasi ambayo viwanda havikuweza kuifikia, hata kabla mwezi Agosti haujaisha mgawo ukawa umerudishwa. Jaribio lililoshindwa lile linaonyesha jambo moja muhimu kwa kisa chetu: hamu haikuwa imekufa kwa miaka ile yote, ila ilizuiwa na upungufu wa bidhaa. Peremende ziliachiwa moja kwa moja tarehe 5 Februari 1953. Siku hiyo watoto walivunja vibubu vyao, matofaa yaliyopakwa sukari ya kuchemsha yakanunuliwa kuliko kitu kingine chochote, na kampuni moja ya Clapham Common, kusini mwa London, iligawa ratili 150 za pipi za vijiti kwa watoto 800 waliokuwa kwenye mapumziko ya mchana ya shule. Wanaume wazima wa mtaa wa mabenki walipanga foleni saa ya chakula cha mchana wakisubiri pipi ngumu. Miezi saba baadaye ikafuata sukari yenyewe.

Matokeo katika vyakula yalionekana mara moja. Wastani wa sukari aliyokula mtu kwa siku ulipanda kutoka gramu 41 hivi hadi karibu gramu 80 katika muda wa mwaka mmoja tu. Tarakimu hizi mbili ndizo kiini cha kisa, na zinahitaji kuangaliwa kwa utulivu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati yote ambayo mtu anaipata kwa siku, na kwamba kuishusha chini ya asilimia 5 kungefaa zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50 na asilimia 5 ni gramu 25. Waingereza wa enzi ya mgawo, kwa hiyo, walikuwa ndani ya kiwango cha kwanza bila kujua, na baada ya mgawo wakakipita kwa mbali. Tena hawakuwa wameacha sukari. Walikuwa wakinywa chai yenye sukari kila siku. Nasisitiza hili kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu sukari hukimbilia kuiita sumu na kutaka iondolewe nyumbani kabisa, ilhali kisa hiki kinalinganisha kiasi cha wastani na kiasi kilichozidi, wala hakimhusishi mtu ambaye hakula sukari kabisa.

Sasa chukua watoto wawili wa mtaa mmoja. Wa kwanza alizaliwa Januari 1952: mama yake alimbeba wakati wa mgawo, na mgawo ulipoondolewa mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Wa pili alizaliwa Desemba 1954, kwa hiyo mimba yake ilitungwa wakati sukari inauzwa bila kuponi. Walisoma shule zilezile, walitibiwa katika hospitali zilezile za huduma ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1948, na tangu utotoni hadi uzeeni walikula katika nchi ileile yenye sukari tele. Tofauti yao katika suala la sukari ni zile siku elfu moja za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi karibu siku ya kutimiza miaka miwili.

Watafiti watatu, Tadeja Gracner, Claire Boone na Paul Gertler, waliwatafuta watu kama hao katika hazina ya taarifa za afya ya Uingereza iitwayo UK Biobank, ambayo kati ya mwaka 2006 na 2010 iliandikisha watu wapatao laki tano wenye umri wa miaka 40 hadi 69. Walichagua zaidi ya watu 60,000 waliozaliwa kati ya Oktoba 1951 na Machi 1956, wakawalinganisha kwa tarehe za kuzaliwa, na kuchapisha matokeo yao katika jarida la Science mwishoni mwa Oktoba 2024. Waliopitia mgawo mwanzoni mwa maisha yao walikuwa na hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili iliyo pungufu kwa takriban asilimia 35, na hatari ya shinikizo la juu la damu iliyo pungufu kwa takriban asilimia 20. Hata wale waliougua, ugonjwa uliwachelewa: kisukari kwa miaka kama minne na shinikizo la damu kwa miaka kama miwili. Kadiri mtoto alivyokaa muda mrefu ndani ya mgawo, ndivyo kinga ilivyokuwa kubwa zaidi. Karibu theluthi moja ya kinga hiyo ilitokana na kipindi cha mimba pekee, na sehemu iliyobaki iliongezeka hasa baada ya mtoto kutimiza miezi sita, umri wa kuanza kula vyakula vingine mbali na maziwa.

Asilimia 35 haina maana kwamba watu 35 katika kila 100 waliokolewa. Ikiwa katika kundi la watu 100 wangeugua 10, basi katika kundi lenye kinga hiyo wangeugua 6 au 7. Kwa mtu mmoja tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo. Kwa wizara ya afya inayolipia insulini (homoni ya kongosho inayoshusha sukari katika damu), miguu iliyokatwa na mashine za kusafisha damu, ni kubwa mno. Na miaka minne ya kuchelewa ni miaka minne ambayo mishipa midogo ya macho na ya figo haikuwa ikiharibika.

Inawezekanaje sukari aliyokula mama mwaka 1952 imfikie mtu mwenye umri wa miaka 60? Sehemu ya jibu iko kwenye kondo la nyuma. Glukosi, yaani sukari iliyo katika damu ya mama, hupita hapo na kumfikia mtoto, lakini insulini ya mama haipiti kwa kiasi cha kufaa kitu. Sukari ikizidi upande wa mama, kongosho changa la mtoto ndilo hulazimika kutoa insulini ya ziada, na insulini hiyo humkuza na kumwekea mafuta kabla hajazaliwa. Daktari David Barker wa Southampton alianza tangu miaka ya 1980 kuonyesha kwamba hali ya tumboni huacha alama katika moyo na mishipa ya mtu mzima, na ingawa yeye alianzia kwenye watoto waliozaliwa na uzito mdogo, hoja kwamba mwili hujipanga mapema kulingana na chakula unachokutana nacho inafaa hapa pia. Sehemu nyingine ya jibu ni ulimi. Kila mtoto huzaliwa akipenda utamu, lakini kiwango cha utamu anachokiona kuwa cha kawaida hujengwa na kile anacholishwa, na aliyezoea uji mtamu akiwa na miezi minane atauona uji wa kawaida kuwa hauna ladha akiwa na miaka minane.

Baada ya hapo hufuata yale ambayo sukari nyingi humfanyia mtu wa umri wowote. Sukari ya mezani ni muungano wa glukosi na fruktosi. Glukosi hutumiwa na karibu kila seli ya mwili, lakini fruktosi hupelekwa zaidi kwenye ini, na inapokuja kwa wingi na kwa haraka, kama inavyokuja ndani ya soda, ini huigeuza kuwa mafuta. Mafuta hayo mengine hubaki ndani ya ini na mengine humwagwa kwenye damu. Ini lililojaa mafuta huacha kuitikia insulini sawasawa, nalo huendelea kutoa glukosi hata pale lilipoamriwa kunyamaza, hivyo kongosho huongeza insulini ili kulishinda, na baada ya miaka mingi ya kufanya hivyo seli zake huchoka. Hapo ndipo kisukari cha aina ya pili hujitokeza. (Kile cha aina ya kwanza, ambacho mwili wenyewe huziua seli za kongosho, hakitokani na kula sukari, na mzazi wa mtoto mwenye ugonjwa huo hastahili lawama anazobebeshwa na majirani.) Insulini ikiwa nyingi katika damu kwa muda mrefu, figo nazo hubakiza chumvi ambayo zingeitoa, na shinikizo la damu hupanda. Kwa hiyo magonjwa mawili ambayo watafiti waliyachagua yana mzizi mmoja.

Kisa hiki kina mianya, na msomaji makini atakuwa amekwisha kuiona. Hakuna aliyepima sukari aliyokula mama fulani; tarehe ya kuzaliwa inatumika badala ya kipimo, na bila shaka kulikuwa na familia zilizonunua sukari kwa magendo na nyingine zilizobadilishana kuponi na majirani. Waliojiunga na UK Biobank kwa hiari wana afya nzuri na kipato kizuri kuliko Mwingereza wa kawaida. Pia sukari haikuwa bidhaa pekee iliyokuwa kwenye mgawo, kwani siagi na jibini ziliachiwa mwezi Mei 1954, na nyama ikafuata tarehe 4 Julai 1954, siku mgawo wote ulipokoma.

Pingamizi hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, nami naona limejibiwa kwa kiasi kikubwa ingawa si chote. Matumizi ya vyakula vile vingine hayakuruka ghafla mara mbili kama yalivyofanya ya sukari, na sehemu kubwa ya nishati iliyoongezeka katika vyakula vya Waingereza baada ya mgawo ilitoka kwenye sukari. Lipo pia jambo la umri, nalo linaupa utafiti nguvu. Waliozaliwa wakati wa mgawo ndio wakubwa, na kwa kawaida kadiri mtu anavyozeeka ndivyo anavyopata kisukari. Tungetarajia wakubwa waugue zaidi, na watafiti walilazimika kuweka hesabu ya umri vizuri kabla ya kulinganisha. Mwaka 2025 watafiti wengine, kwa kutumia watu wa hazina ileile, walichapisha katika jarida la BMJ matokeo kuhusu moyo, na humo pia waliokuwa ndani ya mgawo utotoni walikuwa na magonjwa ya moyo na mishipa pungufu kwa takriban moja ya tano. Matokeo hayo hayazibi mianya niliyoitaja, kwa kuwa chanzo cha taarifa ni kimoja, lakini yanaelekea upande uleule.

Hapa Afrika Mashariki msomaji wa umri fulani ataukumbuka mgawo mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Watanzania walipanga foleni za sukari, sabuni na unga, na mtu angeweza kujiuliza kama watoto wa miaka ile nao wana kinga ya namna hiyo. Sidhani kwamba visa hivi viwili vinalingana. Uhaba wa Tanzania ulikuwa wa kila kitu kwa pamoja, ilhali mgawo wa Uingereza ulipunguza sukari bila kuwaacha watu na njaa. Na tunajua kutokana na njaa ya Uholanzi ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 kwamba mtoto aliyekosa chakula tumboni hupata kisukari zaidi ukubwani, wala si kidogo. Upungufu wa sukari hulinda pale tu ambapo chakula kingine kipo.

Kinachotuhusu moja kwa moja ni umri ambao kisa kinautaja. Huku kwetu sukari humfikia mtoto mapema kuliko wengi wanavyokiri. Si jambo geni kumkuta mtoto mchanga akinyweshwa maji ya glukosi siku za mwanzo kwa madai kwamba maziwa ya mama bado hayajatoka, ingawa ushauri wa kliniki ni maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Akifikisha miezi hiyo, uji wa lishe hutiwa sukari kabla hajauonja bila sukari, kwa kuwa anayepika huuonja kwa ulimi wake mwenyewe. Mjamzito anayesikia kizunguzungu huambiwa anywe soda nyekundu aongeze damu, wakati soda haina madini ya chuma na chupa moja ya mililita 300 kwa kawaida hubeba gramu 30 au zaidi za sukari, karibu sawa na fungu zima la siku la Mwingereza mzima wa mwaka 1950. Akishaongeza vikombe viwili vya chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vitatu, anakuwa amezipita gramu 50 kabla ya chakula cha mchana.

Ingekuwa rahisi kugeuza haya yote kuwa mahubiri kwa akina mama, na naona huko ndiko kisa hiki kinakosomwa vibaya. Mgawo ulifanya kazi kwa sababu hakuna mwanamke aliyeombwa kujizuia. Bidhaa yenyewe ilikuwa chache kwa tajiri na maskini, dukani na kwa jirani, na ilipoongezeka, watu walewale waliovumilia miaka kumi na mitatu walikula mara mbili yake ndani ya mwaka. Uingereza yenyewe imerudi kwenye njia ya aina hiyo kwa upole zaidi. Mwaka 2016 ilitangaza ushuru kwa vinywaji vyenye gramu 5 au zaidi za sukari katika kila mililita 100, ushuru uliokuwa mkubwa zaidi kwa vile vyenye gramu 8 na kuendelea, na hadi ulipoanza kutozwa Aprili 2018 viwanda vingi vilikuwa vimekwisha kupunguza sukari ili kuukwepa. Mnywaji hakuhitaji kubadili tabia, kwa sababu kinywaji kilibadilika kwanza. Ushuru huo, hata hivyo, ni wa vinywaji pekee. Biskuti za watoto na vyakula vitamu vya pakiti vinavyouzwa kwa ajili ya watoto wanaoanza kula haviguswi nao, ilhali ni katika umri huo wa baada ya miezi sita ambapo kinga ya watoto wa mgawo iliongezeka zaidi.